Binti Mfalme Aliyevaa Mfuko wa Karatasi

Ndugu msomaji, leo nataka kukusimulia habari za kitabu kidogo cha watoto ambacho kimenikosesha raha nyumbani kwangu. Si kitabu kibaya, la hasha. Ni kitabu cha kuchekesha, chenye picha nyingi na maneno machache. Mtu mzima aweza kukimaliza kabla chai yake haijapoa. Lakini mna ukurasa mmoja ndani yake ambapo nilijiona mimi mwenyewe, na sikumpenda yule niliyemwona.

Kitabu hicho kilikuja katika sanduku la vitabu vikuukuu vilivyoletwa kwa watoto wa shule ya awali. Kazi ya kuviandika daftarini ilikuwa yangu, maana mimi ni karani. Na kwa kuwa zamani nilisomea ualimu chuoni, mkono wangu hauwezi kupita juu ya kitabu cha watoto bila kukifungua. Nikakifungua, nikacheka peke yangu ofisini. Jioni nikaomba ruhusa nikakichukua nyumbani nikawasomee watoto wangu wawili, binti wa miaka tisa na mdogo wake wa miaka mitano. Kimeandikwa kwa Kiingereza, basi nikawa nageuza maneno kwa Kiswahili papo hapo, sentensi baada ya sentensi. Kumbuka jambo hilo, msomaji, maana ndilo lililonitega.

Jina la kitabu ni The Paper Bag Princess, yaani Binti Mfalme wa Mfuko wa Karatasi. Aliyekitunga ni Robert Munsch, na aliyechora picha ni Michael Martchenko. Kilipigwa chapa mara ya kwanza Kanada mwaka 1980 na kampuni ya Annick Press, na tangu hapo nakala zake zimeuzwa kwa mamilioni.

Hadithi yenyewe ni hii. Palikuwa na binti mfalme aitwaye Elizabeth. Alikuwa mzuri wa sura, akikaa katika jumba la kifalme, na nguo zake zote zilikuwa za thamani. Alikuwa karibu kuolewa na mwana wa mfalme jina lake Ronald, naye alimpenda sana. Picha ya kwanza yaonyesha jambo ambalo maneno hayasemi: Elizabeth anamtazama mchumba wake kwa macho ya mapenzi, na Ronald ameinua pua yake juu. Binti yangu aliliona hilo kabla yangu. Akaniuliza, “Baba, mbona huyu kaka hamtazami?” Nikamwambia angoje.

Basi likaja joka. Likabomoa jumba, likateketeza nguo zote za Elizabeth kwa moto wa kinywa chake, likambeba Ronald likaenda naye. Elizabeth akabaki amesimama kwenye majivu, hana hata kitambaa cha kujifunga. Akatafuta kila mahali kitu cha kuvaa, na kitu pekee ambacho hakikuungua kilikuwa mfuko wa karatasi. Akauvaa, akashika njia kulifuata joka.

Ni mfuko wa karatasi kama ule wa kaki anaotupimia mwenye duka sukari. Sisi wa Tanzania, tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku mwezi wa Juni 2019, twaujua mfuko huo vizuri: ukilowa kidogo tu, vitu vyako viko chini. Hiyo ndiyo iliyokuwa kanzu ya huyu binti mfalme alipokwenda kupigana na joka.

Njia ya joka haikuwa vigumu kuiona, maana lilikuwa likiacha misitu iliyoungua na mifupa ya farasi. Elizabeth akafika kwenye pango lenye mlango mkubwa, akagonga. Joka likatoa pua nje. Likasema lapenda sana kula mabinti wa wafalme, lakini siku hiyo limekwisha kula jumba zima na lina shughuli nyingi, aje kesho. Likafunga mlango. Elizabeth akagonga tena.

Sasa, msomaji, sikiliza akili ya mtoto huyu. Hakuwa na upanga, wala farasi, wala mtu wa kumsaidia. Akaanza kulisifu joka. Akaliuliza: Je, ni kweli kwamba wewe ndiwe joka mwenye akili na ukali kupita majoka yote? Joka likaitikia kwamba ni kweli. Je, ni kweli waweza kuchoma misitu 10 kwa pumzi moja? Joka likavuta pumzi, likachoma misitu 50. Elizabeth akalistaajabia. Joka, kwa kuona limestaajabiwa, likavuta pumzi nyingine, likachoma misitu 100. Akalistaajabia tena. Likavuta pumzi ya tatu, na safari hii hakikutoka kitu. Halikubaki na moto hata wa kuivisha tonge moja la nyama.

Hapo mwanangu mdogo akanisimamisha ili tuhesabu. Tukahesabu: 50 na 100, ni misitu 150. Akafurahi kama aliyeichoma yeye.

Kisha Elizabeth akaliuliza joka kama ni kweli laweza kuizunguka dunia kwa sekunde 10. Joka likaruka, likazunguka dunia, likarudi katika sekunde 10, limechoka sana. Akalisifu, akaliomba lizunguke tena. Likaenda mara ya pili, na sasa likatumia sekunde 20. Liliporudi halikuweza hata kusema. Likalala pale pale. Elizabeth akaliita kwa sauti ya chini, halikutikisika. Mwisho akatia kichwa ndani ya sikio lake akapiga kelele kadiri ya uwezo wake, nalo halikujua lolote. Akapita juu ya joka, akafungua mlango wa pango.

Wazee wetu walisema: mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Sidhani kama kuna picha ya methali hiyo inayopita joka lile lililolala kwa uchovu wa sifa zake lenyewe. Na watoto wetu hawawezi kuona ugeni katika hila hiyo, maana Sungura wetu ameishi kwayo miaka na miaka. Sungura naye hana meno ya Simba wala uzito wa Tembo. Ana ulimi na akili tu, na mwenye nguvu humshinda kwa kuitumia ile nguvu yake.

Kabla sijafika kwenye mlango wa pango, nikueleze hadithi hii ilivyozaliwa, maana ni habari ya kufaa watu wa nyumbani.

Robert Munsch alizaliwa mwaka 1945 huko Pittsburgh, Marekani, katika familia ya watoto tisa. Alisoma miaka saba kwa nia ya kuwa padre wa Shirika la Yesu. Akiwa masomoni alikwenda kufanya kazi ya muda katika nyumba ya yatima, akaona kwamba kazi ya watoto ndiyo inayompendeza. Akaiacha njia ya upadre, akaenda kulea watoto wadogo. Kazi yake mojawapo ilikuwa kuwalaza mchana. Kila mtu aliyepata kuwalaza watoto 20 kwa wakati mmoja anajua mateso hayo. Munsch aliwatuliza kwa hadithi alizotunga kichwani papo hapo. Hadithi ambayo watoto waliiomba tena ilibaki. Ambayo hawakuiomba ilikufa.

Mwaka 1973 alikuwa akifanya kazi katika kituo cha watoto cha mji wa Coos Bay, jimbo la Oregon. Wakati huo alikuwa akisimulia hadithi nyingi za majoka, na zote zilikwenda njia moja: binti mfalme anachukuliwa, mwana wa mfalme anakuja, joka linakufa. Mke wake, Ann, alikuwa akifanya kazi katika kituo hicho hicho. Siku moja akamwuliza kwa nini kila siku ni mwana wa mfalme anayemwokoa binti mfalme, na kwa nini isiwe binti amwokoe kijana. Munsch akafikiri, akageuza mwisho wa hadithi mojawapo. Basi kitabu hiki kilitokana na swali la mke kwa mumewe, na mume aliyekubali kulisikiliza.

Mwaka 1975 wakahamia Kanada, akafanya kazi katika shule ya watoto ya Chuo Kikuu cha Guelph. Huko wakubwa wake wakamhimiza aziandike hadithi zake. Akapeleka hadithi 10 kwa wapiga chapa 10. Tisa wakakataa. Wa kumi, Annick Press, akakubali moja, nayo ikatoka mwaka 1979. Mwaka uliofuata akatoka Elizabeth na mfuko wake. Martchenko aliyemchora alikuwa mchoraji wa matangazo ya biashara, na hicho kilikuwa kitabu chake cha kwanza cha watoto.

Lile swali la Ann lilikuwa na haki, maana mambo yalikuwa hivyo tangu kale. Wengi wetu tumeiona picha ya Mtakatifu Joji juu ya farasi, akilichoma joka kwa mkuki. Katika masimulizi yaliyoandikwa karne ya 13 na Yakobo wa Varazze, binti wa mfalme amevikwa nguo za arusi na kutolewa aliwe na joka, mpaka shujaa apite njia hiyo. Hata kwetu, katika hadithi za Unguja alizokusanya Edward Steere na kuzipiga chapa London mwaka 1870, kuna Nunda mla watu, naye anauawa na mtoto wa kiume wa sultani. Lakini angalia, yule mtoto alikuwa ndiye wa mwisho, aliyependa kukaa jikoni, na baba yake hakumtumainia. Kumbe hata wazee wetu walijua kwamba wokovu waweza kutoka kwa mtu uliyemdharau kwa masizi yake.

Sasa turudi kwenye mlango wa pango. Elizabeth amefungua, na mle ndani amekaa Ronald, mzima, raketi ya tenisi mkononi, nywele zimechanwa. Yeye Elizabeth ana majivu mwili mzima, nywele zimesokotana, mfuko umechafuka na kuraruka. Amevuka misitu iliyoungua, amesimama mbele ya kinywa cha joka. Je, Ronald alisema nini? Alisema kwamba anatisha kumtazama. Ananuka majivu, nywele zake hazifai, na amevaa mfuko mchafu. Aende zake, na atakapovaa kama binti mfalme wa kweli ndipo arudi.

Nilikuwa nageuza maneno haya kwa Kiswahili, nimekwisha kukuambia. Yakanitoka hivi: “Hebu jitazame! Ndivyo anavyokuwa mtoto wa kike? Nenda kajisafishe, ndipo uje.” Nilipokwisha kuyasema, nikayatambua. Hayakuwa ya kitabu. Yalikuwa yangu.

Mwezi mmoja kabla ya siku hiyo mvua kubwa ilinyesha mchana, bila hata wingu la kuonya. Mama yao alikuwa sokoni, mimi nilikuwa kazini. Mahindi yetu ya miezi yalikuwa uani juu ya mikeka, yameanikwa. Binti yangu alikuwa amevaa gauni lake jeupe la kwaya, anangoja wenzake waende mazoezini. Aliyazoa mahindi yote peke yake, debe baada ya debe, akayaingiza ndani. Alipokuwa katika kazi hiyo mdogo wake akateleza mtaroni, naye akaruka akamtoa. Mimi nilifika mvua ikikatika. Nikamkuta mlangoni, gauni limekuwa tope tupu, amemshika mdogo wake mkono. Akaanza kunisalimu. Sikuingoja ile shikamoo ikamilike. Nikamwambia maneno yale. Akaenda kuoga.

Baadaye nikaona mahindi yamepangwa ndani, makavu. Mke wangu akanieleza habari ya mtaro. Unadhani nilifanya nini? Nilinyamaza. Nilijisemea moyoni kwamba mtoto amekwisha kusahau, na kwamba baba hapaswi kurudi nyuma juu ya neno dogo la nguo. Zikapita wiki nne.

Sasa tulikuwa tumekaa mkekani, kitabu katikati yetu, na Ronald amesema maneno yangu. Binti yangu hakuniangalia. Aliweka kidole juu ya picha akasema polepole, “Hata yeye hakuuliza.”

Msomaji, wako wazazi wasiokipenda kitabu hiki kwa sababu ya mwisho wake. Maana Elizabeth anamjibu Ronald kwamba mavazi yake ni ya mwana wa mfalme kweli, lakini yeye mwenyewe ni mtu bure, nao hawaoani. Ukurasa wa mwisho anaonekana akienda zake kuelekea jua, akirukaruka na mfuko wake. Nasikia wazazi wakiuliza: Je, huku si kuwafundisha mabinti ukaidi? Je, si kuidharau ndoa?

Nami hapo kwanza nilitaka kuuliza hivyo hivyo. Lakini nimeisoma hadithi mara nyingi sasa, na naona ukaidi haupo. Elizabeth alimpenda mchumba wake hata akaenda kumtafuta pangoni. Alimwacha huru, hakumpiga wala hakumlipia joka liamke. Alisema ukweli mara moja, akaondoka. Uchumba ni wakati wa kujuana, na hakuna mahali pa kumjua mtu kama shida. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, nasi husahau kuongeza kwamba baada ya dhiki kuna mtihani wa pili: je, yule uliyemfaa atakutazama vipi? Ronald alikuwa kama mkakasi wa methali yetu, uzuri nje, ndani kipande cha mti. Heri binti aliyelijua hilo mlangoni mwa pango kuliko yule anayelijua baada ya miaka 10 na watoto wanne. Anayemwambia binti avumilie dharau ili arusi isivunjike, haitetei ndoa.

Tena kitabu hiki si cha mabinti tu. Nadhani kilimfaa zaidi mwanangu wa kiume. Yeye hakuhangaika na arusi hata kidogo. Aliuliza jambo moja tu, kwa mshangao mkubwa: “Mbona hakusema asante?” Mtoto wa miaka mitano aliona kilichopungua, na baba yake karani, aliyefunzwa ualimu, alihitaji mwezi mzima.

Ukibahatika kukipata kitabu hiki, au ukipenda kukisimulia kwa mdomo, nakupa mashauri machache niliyoyajaribu. Simulia polepole kwenye sehemu ya joka, uwaache watoto wavute pumzi pamoja nalo. Pumzi ya tatu wasitoe kitu. Wahesabishe misitu na sekunde. Elizabeth anapoita sikioni, waache wapige kelele, majirani watasamehe. Lakini ukifika kwa Ronald, nyamaza kidogo. Usiwape fundisho. Waulize tu: “Wewe ungalisema nini?” Kisha sikiliza majibu, hata yakikugusa.

Mwaka 2021 Munsch alieleza hadharani kwamba amepatwa na ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu. Lakini hadithi zake, alisema, bado zilikuwa naye. Nilipolisoma jambo hilo nilifikiri juu ya neno liingialo mapema moyoni, jinsi linavyokaa. Hadithi njema hukaa hivyo. Na neno la dharau la mlangoni, siku ya mvua, nalo pia hukaa, nasi wazazi hujidanganya kwamba limekauka pamoja na tope.

Usiku ule, mdogo alipokwisha kulala, nilimwita binti yangu. Nikamwambia kwamba siku ile ya mvua nilikosea, kwamba nilitazama gauni badala ya kumtazama yeye, na kwamba alifanya kazi ya mtu mzima, nami namshukuru. Sikuona rahisi, sisi akina baba hatukuzoea. Alikaa kimya akivuta uzi wa mkeka. Kisha akasema:

“Hayakulowa hata punje moja, baba.”

Nikamjibu kwamba najua. Akaniomba nimsomee tena, tangu mwanzo.